Feni Niliyoing'oa

Saa nne kasorobo usiku mstari unaoonyesha kompyuta imefika wapi kuitoa video ulikuwa kwenye asilimia 31. Nikaenda kula. Nikala taratibu makusudi, wali na samaki wa kupaka, nikachambua mpaka mwiba wa mwisho, nikanawa, nikakaa kidogo barazani na wenzangu. Niliporudi ulikuwa kwenye 34.

Kazi yenyewe haikuwa filamu ya vita. Ilikuwa harusi: sendofu, nikaha na mnuso wa usiku, saa mbili na dakika chache za video, ambazo kompyuta hii hii, kabla sijaigusa, ingezitema kwa saa moja na robo. Sasa ilikuwa inaniambia saa nne na nusu, na kila nikiitazama inaongeza. Mama wa bi harusi alikuwa ameshanipigia mara tatu siku ile. Mara ya tatu hakusalimia. Anayeijua Tanga anajua mtu akikupigia bila salamu mmefika wapi. Nikamwahidi kesho asubuhi, inshallah, na nikamwahidi kwa kujiamini kabisa.

Kwenye kona ya skrini kulikuwa na namba moja ndogo. 56.

Hizo ni nyuzi joto za prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Mwezi wa pili, kaskazi imegoma, pazia limening'inia kama limelowa, mimi nimebaki na singlendi na msuli, na prosesa inayorenda harusi nzima, yaani inayounganisha vipande viwe video moja ya mwisho, iko kwenye nyuzi 56. Zamani kazi kama hiyo ilikuwa inaifikisha 92, 93, feni inalia kama mashine ya kukoboa. Namba ile niliinunua kwa laki sita na nusu, na ilinipendeza kila nilipoitazama.

Baridi hivyo, na bado inatambaa.

## Kila mtu na bomba lake

Wanaohariri video wanajua kwa nini mtu anaweka maji ya kupoza prosesa badala ya feni, sitarefusha. Prosesa yangu ni Ryzen 9 3900X, viini 12, niliyoinunua kwa mtu mkononi. Ilikuja na feni yake, ile Wraith Prism yenye taa za rangi, inayokaa juu ya prosesa na kupuliza kwenda chini. Ilifanya kazi yake vizuri, ila kwa makelele, na siku hizi narekodi sauti za matangazo humu humu chumbani. Mteja mmoja aliniuliza kama nilirekodia ndani ya bajaji.

Hiyo ndiyo sababu ninayoitoa mbele za watu. Nyingine ni kwamba niliona picha za kompyuta za maji nikaitamani. Mipira inayoonekana ndani, tangi la kioo, rejeta ndefu ya feni mbili. Nikanunua kidogo kidogo, vingine Kariakoo, vingine nikaagiza China nikasubiri. Rejeta nikahakikisha ni ya shaba, maana bloku linalokaa juu ya prosesa nalo ni la shaba, na ukichanganya shaba na alumini kwenye maji yale yale, alumini inaliwa. Mtu wa pwani hahitaji semina ya kutu. Baiskeli zetu zinatufundisha bure.

Mdogo wangu alinicheka. Akasema huko Chongoleani bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linapashwa joto mpaka nyuzi 50 ili mafuta yasigande njiani, na mimi huku Ngamiani nakopa hela ya kununua bomba la kupoza.

"Kila mtu na bomba lake, kaka."

Siku nilipoiwasha, chumba kilinyamaza. Nilisikia jirani akipepeta mchele. Nikaingia kwenye bayosi, kule kwenye mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikairuhusu prosesa itumie umeme kupita kikomo chake cha kiwandani, wati 142. Mbona nisiiruhusu? Nina maji.

Siku tatu baadaye nilianza kuhisi kitu hakiko sawa, ila sikumwambia mtu.

## Nikayashitaki maji

Kitu kipya kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo mshitakiwa alikuwa mmoja tu.

Nilianza na pampu, na kweli nikaikuta na kosa. Waya wake nilikuwa nimeuchomeka kwenye pini za feni ya kawaida, zile ambazo mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, inazipunguzia mwendo ikiona prosesa imepoa. Pampu ikawa inazunguka kwa uvivu, chini ya nusu ya nguvu yake. Nikaipangia izunguke kwa nguvu moja muda wote. Nyuzi zikashuka kutoka 60 hadi 56.

Mwendo wa kompyuta ukabaki ule ule.

Nikageukia hewa. Hewa ikinasa ndani ya rejeta maji hayazunguki vizuri, basi nikawa naibeba kompyuta nzima nailaza kushoto, naisimamisha, nailaza kulia, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye tumbo. Viputo viwili vitatu vikatoka. 56.

Nikafungua bloku. Labda niliacha ile karatasi ya plastiki inayofunika shaba? Nilikuwa nimeitoa, niliikuta kwenye droo, maana mimi situpi kitu. Labda pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bloku, haikuenea? Ilikuwa imeenea kama blubendi kwenye mkate wa mwenye nyumba mkarimu. Nikaifuta kwa spiriti, nikapaka nyingine, nikafunga skrubu kwa msalaba kama inavyotakiwa.

56.

Nikikumbuka sasa najiona mjinga, kwa sababu ile namba ilikuwa inanijibu kila siku na mimi sisikii. Kama kosa lingekuwa la maji, nyuzi zingepanda. Hazikupanda. Mshitakiwa alikuwa na shahidi wake, shahidi yuko kwenye kona ya skrini saa ishirini na nne, na mimi namwambia shahidi apishe nimpekue vizuri mshitakiwa.

## Furaha ya nusu saa

Mengine niyapitie haraka. Nilisema ni kirusi, nikafuta Windows nikaweka upya, usiku mzima ukaenda. Nilisema ni umeme mdogo wa jioni, kila mtu mtaani akiwasha pasi na birika. Nikaamka saa kumi alfajiri umeme ukiwa umeshiba, nikajaribu. Konokono yule yule.

Kilichonidanganya ni ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Wakati wa kufunga maji nilitoa kile kidonge cha betri ya bayosi, na mipangilio yote ikarudi ya kiwandani. Ramu zangu zina uwezo wa 3200, na zilikuwa zinatembea kwa 2133. Siku ile nilipoingia kufungulia umeme sikuangalia mstari wa juu yake. Na Ryzen za aina hii zinaijali sana ramu, kwa sababu njia zinazounganisha sehemu za ndani ya prosesa zinaenda sambamba na mwendo wa ramu. Nikarudisha 3200. Nikajaribu kurenda kipande cha dakika mbili.

Ikaruka!

Niliinuka kwenye kiti. Nikamwita mke wangu aje aone, akaja na mwiko mkononi, akaona mstari unakimbia, akasema "Alhamdulillahi", akarudi jikoni. Simu ya tatu ya mama wa bi harusi iliingia dakika chache baada ya hapo, na ndipo nilipotoa ile ahadi ya kesho asubuhi.

Ndiyo maana asilimia 34 ile usiku iliniuma kuliko zote. Siku za nyuma nilikuwa nimeshindwa tu. Siku ile nilikuwa nimeshindwa baada ya kuapa.

## Dakika ya saba

Usiku ule sikulala. Sikuwa na kitu cha kufungua tena, nilikuwa nimeshafungua kila kitu, basi nikakaa natazama.

Na nikajiuliza kwa nini kipande cha dakika mbili kiliruka.

Nilichofikiria kwanza kilikuwa bado ni maji, tabia haifi. Mfumo wangu una maji kama lita moja. Lita moja ya maji inataka jouli 4,200 hivi ipande nyuzi moja, na prosesa inayotoa wati 140 inazileta hizo kwa nusu dakika. Maana yake hata rejeta isingefanya kazi kabisa, maji yangechukua dakika tano kupanda nyuzi kumi. Maji yanameza joto polepole na kulitoa polepole. Jaribio la dakika mbili kwenye kompyuta ya maji halikwambii kitu, ni sawa na kuonja chumvi ya mchuzi ambao haujachemka.

Kwa hiyo nikasimamisha kazi, nikaacha ipumzike, nikaianza upya, safari hii nimefungua chati ya mwendo wa prosesa na saa ya simu iko mezani.

Dakika ya kwanza, gigahezi 4. Ya pili, 4. Ya tano, 4, na mstari unakimbia vizuri kabisa. Dakika ya saba chati ikaanguka, haikuteremka, ilianguka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, mpaka 0.55. Ikakaa huko. Ikapanda kidogo, ikaanguka tena. Nyuzi wakati ule: 56, kisha 49, kisha 44, maana prosesa inayotambaa haitoi joto.

Yaani kumbe ubaridi ule niliokuwa najivunia, sehemu yake ilikuwa ni ya mfanyakazi aliyesinzia.

Hapo nilijua kitu kimoja kwa uhakika. Kitu fulani ndani humu kinachukua dakika saba kupata moto, na sicho ninachokipima.

## Swali ambalo sikulitaka

Asubuhi nilimpigia fundi wangu wa siku nyingi, ana kibanda chake karibu na stendi ya zamani, mtu wa kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema. Nikamweleza yote, pampu, hewa, pesti, ramu, dakika ya saba. Akanyamaza. Kisha:

"Ile feni ya zamani umeshairudisha ukaona?"

Nikasema bado.

"Unayo?"

Ninayo.

"Basi irudishe. Nusu saa tu. Ikienda, maji yana neno. Isipoenda, yaache maji, tutafute kwingine."

Nikamwambia sawa fundi, nitakufahamisha. Na sikuirudisha. Si siku ile, wala iliyofuata.

Hili ndilo lililonisumbua wiki zote hizi mpaka nimekaa kuandika. Mashine inaharibika, hilo tumezoea. Ila jaribio lile lilikuwa rahisi kuliko yote niliyoyafanya. Kufuta Windows ni kazi zaidi. Kuamka saa kumi alfajiri kumsubiri umeme ni kazi zaidi. Na mimi mwenyewe nililijua tangu wiki ya kwanza, halikuhitaji fundi. Kila lilipokuja kichwani nilikuwa najiambia kumwaga maji ni usumbufu, mipira itavuja, pesti imekwisha.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa ikirudi feni, kompyuta itaenda. Halafu nimwambie nini mke wangu, aliyeuliza mara moja tu, kwa sauti ya upole, "Laki sita na nusu ni ya maji tu?" Na mdogo wangu na bomba lake? Mradi sijajaribu, bado kulikuwa na nafasi kwamba ni kirusi, ni umeme, ni ramu, ni chochote ambacho sikukinunua mimi.

Feni ilikuwa kabatini ndani ya boksi lake, hatua nne kutoka kwenye kiti changu.

## Chane za bibi

Ijumaa bibi alikuwa kwetu. Huja kutoka Pangani mara moja moja akitaka kubadilisha hewa, na anapokuja anakuja na ukindu wake, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure. Baada ya sala ya Ijumaa na chakula akatandika mkeka pale pale chumbani ninapofanyia kazi, kwenye mlango unaopitisha hewa, akaanza kusuka ukili.

Mimi nilikuwa na feni ya meza imenielekea. Upepo wake ukawa unampata na yeye.

"Mjukuu wangu, hebu geuza hilo dude. Linanirushia chane, na mgongo wenyewe huu."

"Linakupoza, bibi."

"Nani kakwambia nina joto?"

Nikaligeuza. Chumba ni kidogo. Ukimtoa bibi na ukuta, upande uliobaki ulikuwa kompyuta, ambayo ubavu wake ulikuwa wazi tangu nianze kuipekua. Nikaliacha linapuliza humo ndani, nikaendelea kukata sauti za tangazo la duka moja la nguo huku harusi inatambaa nyuma.

Sikuona ilipoanza. Nilichoona ni kwamba makadirio ya muda, yaliyokuwa yameganda kwenye saa tatu na kitu, yalikuwa yanasoma dakika hamsini. Nikadhani macho. Nikafungua chati: gigahezi 3.9, imenyooka kama uzi.

Nikaangalia nyuzi. 55.

Hata kwa mwendo kamili, namba yangu nzuri ilikuwa imepishana na ile 56 kwa nyuzi moja tu. Mwendo ulikuwa umepanda mara saba.

Nilitaka kuligeuza lile dude hapo hapo nihakikishe, lakini bibi alikuwa bado anasuka na sikuthubutu. Nikasubiri alasiri. Alipokwenda kutawadha nikaligeuza kwenye ukuta na kuanza kuhesabu. Dakika ya sita na nusu, chati ikaanguka. Nikaligeuza kwenye kompyuta. Dakika moja, chati ikainuka. Nikarudia. Mara ya tatu bibi alirudi na ushungi wake wa sala, akanikuta nimepiga magoti kwenye sakafu namgeuzia kompyuta feni, jasho linanitiririka.

Akanitazama. Akaitazama kompyuta.

"Yeye ndiye ana joto?"

## Kutoka nje

Ndiyo. Ila si prosesa.

Nilipopata akili nikaweka HWiNFO, programu ya bure ambayo nilipaswa kuanza nayo, inayosoma kila kipimo ambacho mazabodi inakubali kukitoa. Nikashuka chini kabisa, kupita nyuzi, kupita wati, mpaka kwenye mistari ya kupunguzwa mwendo kwa sababu ya joto. Iko mitatu. Mmoja ni wa prosesa kujilinda yenyewe: Hapana. Wa pili nao: Hapana. Wa tatu umeandikwa PROCHOT EXT, na huo ulikuwa Ndiyo, mwekundu.

EXT maana yake amri imetoka nje. Prosesa haikuwa na joto. Kuna mtu mlangoni aliyekuwa anaipigia kelele ipunguze mwendo kwa sababu yeye anaungua.

Mtu huyo ni VRM, zile chipu ndogo nyeusi zilizopangwa pembeni ya prosesa. Umeme unaotoka kwenye pawasaplai ni volti 12. Prosesa haili volti 12, inataka kama volti 1.2 hivi. VRM ndiyo inayoushusha. Na umeme ukishushwa volti huku wati zikiwa zile zile, ampea zinapanda. Wati 140 kwa volti 1.2 ni zaidi ya ampea 100. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye soketi ya ukutani halifiki ampea 9. Ampea mia zinapita kwenye vitu vyenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na kwenye mazabodi yangu ya bei rahisi viko uchi, havina hata kipande cha bati juu yake cha kutolea joto. Nilisogeza kidole nikiguse kimoja, na nikakirudisha kabla hakijafika. (Msifanye hivyo.)

Wraith Prism inapuliza kwenda chini. Hewa inapita kwenye mapezi ya juu ya prosesa, inagonga mazabodi, inatawanyika pande zote, na majirani wote wanapata. Hakuna aliyeniambia hiyo ni kazi yake. Kwenye boksi imeandikwa ni feni ya prosesa. Nilipoing'oa nikaweka bloku la shaba, prosesa ilipata nilichoilipia, na chipu zile zilibaki kwenye hewa iliyosimama, Tanga, mwezi wa pili.

Na mimi siku hiyo hiyo nikaziongezea mzigo. Nina maji, si ndiyo?

Nilipima kimoja kimoja, maana sasa nilikuwa nimejifunza adabu. Nikarudisha kikomo cha wati kule kwenye 142 bila feni: ilidumu dakika ishirini hivi, ikaanguka. Nikaweka feni bila kupunguza wati: haikuanguka. Sasa naviweka vyote viwili, na tofauti ya mwendo kati ya 142 na kule juu nilikokuwa nakutaka kwa harusi ya saa mbili ni dakika nne. Nne!

## Feni ya elfu kumi na mbili

Harusi ilitoka Ijumaa ile ile jioni, siku mbili baada ya ahadi. Nikaipeleka mwenyewe kwa flashi, kwa miguu. Mama wa bi harusi akaniandalia chai ya tangawizi na kachori, akaitazama yote, akasema nzuri, ila mbona tarumbeta za kuingilia ukumbini tumezikata mapema. Nilirudi nyumbani nazirefusha.

Jumamosi nilimpigia fundi. Sikumficha kwamba sikuirudisha ile feni. Akasema alijua, kwa sababu ningeirudisha ningepiga simu siku ile ile. Kisha akasema feni ya kawaida ya milimita 120 anayo, elfu kumi na mbili, nije nichukue.

Nimeifunga kwa vifungio vya plastiki, kwenye fremu ya juu, imeinamia zile chipu. Si nzuri. Imekaa upande, na inaharibu kabisa ile picha ya tangi la kioo na mipira niliyokuwa naitaka. Inazunguka polepole, haisikiki kwenye maikrofoni. Mke wangu aliiona akauliza hiyo nayo shilingi ngapi. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa.

Wraith Prism niliitoa kabatini Jumapili, basi tu, niishike. Nzito kuliko nilivyokumbuka. Vumbi lote nililolijaza mwenyewe bado limeganda kwenye mapezi. Nikaipangusa kwa brashi ya rangi, nikaifunga kwenye mfuko. Boksi lake bibi aliliomba la kuwekea chane.

Na ile feni ya meza, sasa haina kazi tena kwenye kompyuta, nikairudisha mahali pake inielekee mimi. Bibi alikuwa amekaa pale pale mlangoni, ukili umeshafika urefu wa mtu. Upepo ukampata.

"Mjukuu wangu," akasema bila kuinua macho, "kwani yule mwenzio kashapona?"

Nikaigeuzia kompyuta.